Tani 92 kutoka bandarini Dar hadi Mbeya: ukianza na kibali umeshachelewa

Mzee wa Ekseli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana mmoja alinifuata kwenye ule uzi wa makontena akauliza: "Mzee, nimepata kazi ya kubeba mashine pana, kibali kinatoka siku ngapi?" Nikamwambia swali lake limeanzia mkiani. Akanuna. Basi nalijibu hapa kwa kirefu, na kwa aibu kidogo, maana kosa ninalotaka kulieleza nililifanya mimi mwenyewe na miaka yangu yote barabarani.

Mzigo ulikuwa transfoma. Tani 92 bila mafuta. Transfoma kubwa husafirishwa kavu, imejazwa gesi ya naitrojeni, mafuta yanakuja kwenye mapipa na rejeta za kupoozea zinakuja kwenye makasha yake. Inatoka bandari ya Dar inakwenda kwa mteja nje kidogo ya Mbeya. Ni kama kilomita 830, barabara moja ya lami, mtu anaiona kwenye ramani anasema hii si kazi.

Kwa wasiojua, gari la kawaida kwetu linaishia tani 56 kwa ekseli 7, upana mita 2.65, urefu mita 22. Hiyo ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na kwetu ilianza kusimamiwa kwenye mizani mwaka 2019. Ukizidi hapo, na mzigo wenyewe hauwezi kukatwa vipande viwili, wewe ni mzigo usio wa kawaida. Utatafuta kibali maalumu, Wizara ya Ujenzi na TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hutatembea bila masharti yao.

Mimi nilijaza maombi meli ikiwa imeshatoka Shanghai. Nilijiona nimewahi, maana wengine wanajaza meli ikiwa imetia nanga. Vipimo nikavitoa kwenye mchoro wa kiwandani: upana mita 3.10. Kibali kikatoka safi, mita 3.10, namba ya kichwa (gari la kuvuta), namba ya tela, njia, tarehe.

Transfoma ikashuka. Siku ya kupakia nikamtuma kijana na futi kamba, kwa mazoea tu. Akarudi na mita 3.38. Nikamwambia umevuta kamba vibaya. Nikaenda mwenyewe. Mita 3.38. Ule mchoro ulipima tangi. Yale masikio ya chuma ubavuni, ya kuinulia kwa jeki, hayakuhesabiwa, na yamechomelewa, hayafunguki.

Sentimita 28, wakuu. Kibali cha mita 3.10 hakibebi mita 3.38. Tukaanza upya. Siku 11 mzigo umekaa, tozo za hifadhi zinatembea, tela la ekseli 12 limekodiwa limelala, na mteja anapiga simu asubuhi na jioni.

Naendelea, nikamilishe chai.

---

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi. Mzee shusha nondo.

---

Binti Kurasini

Mimi niko upande wa uwakala wa forodha. Hili la mchoro limenikuta kwenye kasha la mashine ya kiwanda, tofauti yetu ilikuwa mbao za kufungia. Mchoro unapima mashine, melini inapanda mashine na mbao zake. Sasa hivi naomba orodha ya upakiaji na picha yenye futi kamba ikionekana, kabla kasha halijatoka kiwandani. Wanaona ninawasumbua, lakini wanatuma.

Halafu mzee, umesahau kusema kwamba sisi wa nyaraka tunapaswa kuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Mzigo kama huo haukai yadi yoyote tu ukisubiri TRA, watu wa kodi, wamalize. Ukishaning'inia kwenye kreni ya meli, tela liwe chini yake. Vinginevyo unaulaza chini, na kuuinua tena ni kreni nyingine na pesa nyingine.

---

Dogo Janja wa Tabata

Swali la kijinga wakuu. Si mnapita tu mizani mnalipia kilichozidi? Watu wanalipa kila siku.

---

Mzee wa Ekseli

Dogo, swali si la kijinga, ila ukilifanya kazini utalala mahabusu. Anayelipa mizani kwa kuzidisha ni mtu wa mzigo wa kawaida aliyekosea kupanga, na hata yeye hushushwa kilichozidi au kupangwa upya. Mimi nikitokea mizani ya Vigwaza na tani 92 juu ya tela bila karatasi, hakuna cha kulipia. Narudishwa au nalala pale pale.

Na kuna sababu ya wao kuwa wakali. Wamarekani walijenga barabara za majaribio kule Illinois, wakazunguka na malori mfululizo kuanzia mwaka 1958 hadi 1960. Kilichoonekana ni kwamba uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Yaani ekseli ya tani 20 haiumizi lami mara mbili ya ekseli ya tani 10, inaiumiza kama mara 16. Ndiyo maana swali la kwanza wanalokuuliza baada ya uzito ni "ekseli ngapi?" Sisi tulikuwa na ekseli 12 zenye matairi 8 kila moja. Matairi 96. Tani 92 za mzigo na kama 42 za tela, gawa kwa 12, unapata tani 11 na kidogo kwa ekseli moja, na hizo zimelala juu ya matairi 8. Mzigo unatisha kwa macho kuliko unavyoitisha lami.

---

Kalavati

Nimestaafu, nilikuwa upande wa madaraja, sitasema ofisi gani. Mzee wa Ekseli umeeleza vizuri lakini nakupinga kwenye jambo moja. Unaongea kama mwenye kosa ni futi kamba. Hata kama vipimo vingekuwa sahihi, kuomba wakati meli iko njiani bado ni kuchelewa.

Mtu wa daraja hatazami jumla ya tani peke yake. Anatazama ekseli ziko umbali gani moja na nyingine, na daraja lina urefu gani kati ya nguzo na nguzo. Kwenye kalavati, yaani daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara, la mita 3, zinazoingia ni ekseli mbili tatu tu, zingine bado ziko nje. Kwenye daraja la mita 30 gari lote limepanda. Kwa hiyo tela moja linaweza kulipita daraja kubwa vizuri likalipasua kalavati dogo, au kinyume chake. Ili tulijue hilo tunahitaji mchoro wa tela ukionyesha kila ekseli, na tuchimbue mafaili ya kila daraja njiani. Dar hadi Mbeya unajua ni mangapi? Halafu mnaleta barua yenye mstari mmoja, "uzito tani 92", na mnataka jibu Ijumaa.

Mwombaji aliyekuja miezi minne kabla tulimwambia, "ongeza ekseli mbili" na akaongeza, maana tela lilikuwa bado halijakodiwa. Aliyekuja wiki mbili kabla tulimwambia hivyo hivyo, akaenda kulalamika kwamba tunamzungusha.

Na masharti yale ya darajani yafuateni: peke yako juu ya daraja, katikati kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, na usikanyage breki. Breki ndiyo mbaya. Nimewahi kumwona dereva anasimama katikati ya daraja apige picha.

---

Mzee wa Ekseli

Kalavati, shikamoo. Nimekubali, sina la kubisha.

Tuendelee. Baada ya kibali cha pili, ndipo nikajifunza kwamba kibali chenyewe ni karatasi moja tu. Barabara ina wenyewe wengi, kila mmoja na kipande chake. Lami kuu ni ya TANROADS. Waya zinazokatiza juu ni za TANESCO, kilovolti 11 na 33. Simu na intaneti zina wenyewe wengine. Kilomita 50 hivi unapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi. TANAPA, wenye hifadhi, hawafurahii gari la mita 30 lililoharibika katikati ya njia ya tembo, kwa hiyo unawaambia unapita siku gani na una fundi gani ndani ya msafara. Polisi wa usalama barabarani ni kila mkoa na RTO wake, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa: Dar, Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya. Sita. Barua kutoka makao makuu inakufungulia mlango, lakini anayekaa mbele yako na king'ora ni yule wa mkoa, na asipojua unafika saa ngapi mpakani kwake, utamsubiri.

Kimo cha mzigo ukiwa juu ya tela, kutoka kwenye lami, kilikuwa mita 5.10. Kabla ya safari tuliipita njia yote na pikapu. Tulifunga bomba la plastiki kwenye bamba la mbele, tukalipima kwa futi kamba hadi mita 5.30 juu ya lami, nchani tukaweka kipande cha mpira. Dereva anaendesha taratibu, mimi nimekaa nyuma na daftari. Likigusa kitu unasikia "tik" na bomba linayumba. Unasimama, unaandika nguzo namba fulani, unapiga picha. Kuanzia bandarini chini ya daraja la Mfugale pale Tazara, Ubungo, madaraja ya waenda kwa miguu ya Kimara, mpaka Mlandizi. Mlandizi peke yake tulisikia "tik" mara tisa.

Na jambo lililonishangaza: umeme mkubwa haukuwa shida. TANESCO waya zao za kilovolti 33 ziko juu vya kutosha karibu kote. Zilizotugusa ni nyaya za intaneti zilizotundikwa toka nguzo hadi nguzo zikalegea, na waya za mtu aliyejivutia umeme dukani ng'ambo ya barabara. Hizo ukiuliza za nani, kila mtu anatazama pembeni.

---

Tandiboi Mstaafu

Nyie wa ofisini mnaongelea barua. Ngoja mimi niliyekaa kwenye usukani niseme.

Kibali kinasema utembee mchana tu. Sawa. Saa kumi na mbili jioni uko wapi? Kichwa, tela la mita 18 na zaidi, upana mita 3 na ushee, kichwa kingine nyuma cha kusukuma. Utaegesha wapi? Vituo vyote vya malori vina geti la upana wa gari la kawaida. Nimewahi kulala nusu ya tela likiwa barabarani, na matawi ya miti mbele na nyuma, macho yamekodoa usiku kucha nikisikilizia mabasi. Hakuna karatasi iliyoniambia nilale pale. Aliyepanga safari alihesabu kilomita kwa siku, akagawa, akapata tarehe.

Mpangaji mzuri anaanza na sehemu za kulala, halafu ndipo anahesabu kilomita.

---

Mzee wa Ekseli

Tandiboi umenena. Sisi mlima Kitonga tulipanga kuanzia chini. Lengo la siku lilikuwa kufika Ruaha Mbuyuni saa tisa alasiri hata kama gari lina nguvu ya kuendelea, tulale pale penye vitunguu, tupande alfajiri. Mwenye uwanja tulishaongea naye na kumlipa wiki mbili kabla, na aling'oa nguzo moja ya geti ili tuingie.

Saa kumi na mbili asubuhi trafiki wakazuia magari ya kushuka. Kichwa kimoja kinavuta, kingine kinasukuma, madereva wanaongea kwa redio: "nipe... nipe... shika... shika hapo." Kwenye kona kali tela linageuzwa ekseli za nyuma kwa hidroliki, fundi anatembea kando yake kwa miguu na rimoti kifuani kama mchunga ng'ombe. Saa mbili na dakika arobaini kupanda. Foleni juu ilifika mbali, lakini watu walikuwa wametangaziwa redioni tangu jana yake, kwa hiyo matusi yalikuwa ya kawaida tu.

Kosa la pili sasa, maana nimesema nitaaibika. Siku ya kuondoka Dar kichwa cha nyuma kiligoma, gia. Tukaleta kingine kutoka yadi, chenye nguvu ile ile, rangi ile ile. Askari akasoma kibali, akasoma pleti. Hazifanani. Siku mbili. Nilikuwa na kichwa cha akiba lakini sikukiandika kwenye maombi. Sasa hivi naomba kibali kikiwa na namba za vichwa vya akiba tangu mwanzo.

---

Mpwani wa Makupa

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kibali kama hicho ni cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu Kenya, na mizani ya Mariakani ndiyo Vigwaza yetu.

Nataka kuongeza mfano wa ule mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, kila mmoja mnara, kichwa cha jenereta na mapanga matatu ya mita 25 na kitu, yote yameshuka hapa bandarini Mombasa na kwenda hadi karibu na Loiyangalani, kama kilomita 1,200. Mtambo mmoja ni kilowati 850, mdogo kwa viwango vya sasa, na mimi naona mkubwa zaidi ungekwama tu kule. Hata hivyo ilibidi mradi utengeneze barabara kama kilomita 208 kutoka Laisamis. Barabara kwanza, mitambo baadaye. Hapo ndipo watu walipanga na serikali mapema sana.

Halafu kichekesho: mitambo ilisimama yote mwaka 2017, laini ya kupeleka umeme ikaja kuungwa Septemba 2018. Mzigo uliwahi, waya ukachelewa.

---

Dogo Janja wa Tabata

Kwa nini msipeleke kwa reli? TAZARA si inafika Mbeya?

---

Kalavati

Inafika. Lakini reli ina kimo na upana wake pia, na kati ya Dar na Kapiri Mposhi ina mahandaki 22. Barabarani waya unaweza kuinuliwa, handaki hutalipanua. Mzigo wa mita 3.38 unapeleka vipimo kwao mapema kama barabarani tu, wakupe jibu. Halafu hesabu kreni: kupakia kwenye behewa Dar, kushusha Mbeya, kupakia tena kwenye tela. Kila kuinua ni hatari mpya. Kwa baadhi ya mizigo bado inalipa.

---

Binti Kurasini

Mzee, na kile kifaa cha kurekodi mitikisiko? Bima walisemaje?

---

Mzee wa Ekseli

Kifaa kilikuwa kimefungwa ubavuni tangu kiwandani. Kilisomwa bandarini mbele ya mtu wa bima, kikasomwa tena Mbeya. Kilionyesha mtikisiko mkubwa mmoja, na ulikuwa baharini. Ningekuwa sikusisitiza kisomwe bandarini, ungekuwa wangu.

Sasa mwisho wa safari, na hapa ndipo palipo na uzi wenyewe. Kilomita 826 za lami zilitutoa jasho lakini zilikuwa na mpango. Kilomita 4 za mwisho, kutoka barabara kuu hadi kwa mteja, ni vumbi, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mimi kwenye maombi yangu nilikuwa nimeandika "na kuingia kwa mteja". Maneno manne. Kwenye hizo kilomita 4 kuna kalavati la mawe ambalo wazee wa pale wanasema limekuwepo tangu wao wadogo.

Nilikwenda ofisi ya wilaya transfoma ikiwa Mafinga. Injinia, kijana mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mzee, mnafika lini?" Nikasema keshokutwa. Alicheka, halafu akachukua kofia tukaenda. Akaingia ndani ya kalavati kwa tumbo, na tochi ya simu. Alipotoka alikuwa na matope mpaka kidevuni. Akasema hapana, hata trekta lenye tela la mahindi linamtia wasiwasi hapa.

Na nyuma yetu Nane Nane, maonyesho ya wakulima, inakuja. Wiki ile magari ya maonyesho yanaelekea uwanja wa John Mwakangale, trafiki wa Mbeya walishaniambia: fika kabla ya tarehe 30 Julai au kaa Makambako mpaka maonyesho yaishe. Ratiba ya Mwenge nilikuwa nimeiangalia, ya Nane Nane nilikuwa nimeisahau, mimi mtu wa Rungwe!

Tukaokolewa na yule kijana. Alichora kwenye karatasi ya daftari: jaza magunia ya mchanga ndani ya kalavati, acha bomba la maji katikati, weka plati za chuma juu zivuke pande zote mita mbili mbili, zikae kwenye ardhi ngumu. Mkubwa wake akasaini siku hiyo hiyo. Plati tulikodi Mbeya mjini, mchanga walichimba vijana wa kijiji kwa malipo, mwenyekiti akasimamia. Transfoma ilivuka tarehe 28 saa nne asubuhi, mwendo wa konokono, mimi nimechuchumaa mtaroni natazama plati inavyopinda. Ilipinda kama upana wa kidole. Ikarudi.

Kwa hiyo kijana wangu wa siku ile, ukiniuliza leo, naanzia kwa mteja getini, narudi nyuma kwa miguu hadi bandarini. Nikishajua kalavati la mwisho linabeba nini ndiyo naongea na mwenye tela, kisha wa madaraja, kisha waya na polisi, na kibali kinajazwa hapo. Mzigo kama huu nausemea miezi minne hadi sita kabla, transfoma bado iko kiwandani inapakwa rangi.

---

Kalavati

Huyo kijana aliyeingia kwa tumbo ningempenda awe mwanafunzi wangu.

---

Tandiboi Mstaafu

Mzee, plati zilikuwa ngapi, na mlizirudisha zote? Maana nazijua kazi za vijijini.

---

Mzee wa Ekseli

Sita. Tulirudisha tano. Ya sita mwenyekiti aliniomba tuiache "mpaka mvua zipite". Nilipita mwaka jana, imelazwa juu ya mtaro mbele ya kanisa, harusi ilikuwa inavukia pale.